Baada ya Kisu: Nyonga Bandia na Hatari Zinazomfuata Mgonjwa Nyumbani

Upasuaji wa kubadilisha nyonga huchukua saa moja hadi mbili, ilhali kupona kwake huchukua miezi, na sehemu kubwa ya miezi hiyo mgonjwa huwa nyumbani kwake, mbali na daktari, akiangaliwa na watu ambao hawakusomea uuguzi. Ndiyo maana matatizo makubwa ya upasuaji huu, yaani yale yanayoweza kuua au kumrudisha mtu katika chumba cha upasuaji, mara nyingi hayaonwi kwanza na tabibu bali na mke, mume, binti au mpwa anayemsaidia mgonjwa kuoga. Ugumu ni kwamba matatizo hayo huja yamevaa sura ya maradhi yaliyozoeleka: homa inayotokana na usaha uliojificha ndani ya kiungo hudhaniwa kuwa malaria, mguu uliovimba kwa damu iliyoganda hudhaniwa kuwa umechoka tu, na pumzi inayokatika hudhaniwa kuwa presha.

Nyonga ni kiungo kinachounganisha fupa la paja na fupanyonga. Juu kabisa ya fupa la paja pana kichwa cha mviringo kinachoingia katika kikombe cha fupanyonga na kuzunguka humo kama mchi ndani ya kinu, na nyuso zote mbili zimefunikwa gegedu, yaani tabaka laini na telezi linalozuia mfupa usisagane na mfupa mwenzake. Gegedu likilika, au kichwa chenyewe kikivunjika au kufa, kila hatua huwa maumivu. Katika upasuaji, daktari hukiondoa kichwa kilichoharibika, hukichonga kikombe na kukipachika bakuli jipya lenye bitana ya plastiki ngumu iitwayo poliethilini, kisha huingiza ndani ya uwazi wa fupa la paja shina la chuma lililobeba tufe la chuma au la kauri. Sehemu hizo hushikizwa kwa simenti maalumu ya mifupa, au hutengenezwa na uso wenye vinyweleo ili mfupa wenyewe uote na kuzikamata.

Umbo la kiungo hiki kama kijulikanavyo leo linatokana hasa na kazi ya John Charnley, daktari wa mifupa wa Uingereza aliyekuwa katika Hospitali ya Wrightington, Lancashire, ambaye mafanikio yake yalitanguliwa na anguko kubwa. Kuanzia mwaka 1958 Charnley alitumia bitana ya Teflon, plastiki telezi ambayo wengi wanaijua kwa vikaango visivyoshika chakula, na kwa muda wagonjwa walitembea bila maumivu. Lakini plastiki hiyo ililika upesi, vumbi lake likaichokoza nyama na kuula mfupa, na kati ya wagonjwa wapatao 300 waliowekewa kiungo hicho wengi mno wakalazimika kupasuliwa tena. Charnley alifikia hatua ya kuitia Teflon hiyo katika paja lake mwenyewe ili aone jinsi mwili unavyoipokea, jambo ambalo kamati yoyote ya maadili ya utafiti ya leo ingelikataa bila mjadala. Mnamo Novemba 1962 akaanza kutumia poliethilini nzito pamoja na tufe la chuma lenye kipenyo cha milimita 22 hivi, na mpangilio huo ndio uliodumu. Alipoona kwamba maambukizi yanawapata wagonjwa wake karibu 7 kwa kila 100, alijenga chumba cha upasuaji chenye hewa iliyochujwa na kuwavika madaktari mavazi yanayofyonza pumzi zao na kuzitoa nje, na kiwango hicho kikashuka chini ya mmoja kwa kila 100.

Barani Ulaya mgonjwa wa kawaida wa nyonga bandia ni mzee ambaye gegedu lake limelika kwa umri. Katika Afrika Mashariki wazee hao wapo, na wapo pia waliovunjika shingo ya fupa la paja kwa kuteleza bafuni, lakini benchi la kliniki ya mifupa lina vijana wengi kuliko mtu anavyotarajia. Katika ugonjwa wa seli mundu, ambao nchini Tanzania peke yake huzaliwa nao watoto wapatao 11,000 kila mwaka, chembe nyekundu za damu zilizopinda huziba mishipa midogo inayokilisha kichwa cha fupa la paja, kichwa hicho hufa na kuporomoka, na mtu wa miaka 25 hujikuta anachechemea. Kifo cha namna hiyo cha mfupa huletwa pia na pombe nyingi na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi, na ajali za bodaboda zina fungu lao. Watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI nao hupasuliwa. Nchini Malawi, ambako daftari la taifa la viungo bandia limekuwa likitunzwa tangu mwaka 2005, wagonjwa wa aina hiyo waliofuatiliwa walionekana kufanya vizuri. Kwa kuwa upasuaji huu hupatikana katika hospitali chache kubwa, kama vile Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi au PCEA Kikuyu karibu na Nairobi, wengi hupasuliwa mjini na kwenda kupona mkoani au kijijini, safari ya siku nzima kutoka kwa aliyewapasua.

Siku ile ile ya upasuaji, au kesho yake, mgonjwa husimamishwa kando ya kitanda na mtaalamu wa fiziotherapia, akashika fremu ya kutembelea, baadaye magongo. Wengi hushangazwa na haraka hiyo, na ndugu wengine huiona kuwa ukatili, lakini kulala muda mrefu ndiko kunakoigandisha damu miguuni, kunakokusanya makohozi mapafuni na kunakoichosha misuli. Katika kupanda ngazi mguu mzima hutangulia, ukafuatwa na mguu uliopasuliwa pamoja na magongo. Katika kushuka, magongo na mguu uliopasuliwa hutangulia. Katika kuinuka kitini mgonjwa husogea kwanza hadi ukingoni, akaunyoosha mbele mguu uliopasuliwa, kisha akajisukuma kwa mikono bila kuinamisha kiwiliwili. Mambo haya huonekana madogo, na hospitali nyingi huyaeleza kwa dakika chache wakati mgonjwa amekwisha vaa nguo za kwenda nyumbani na mawazo yake yako kwenye nauli.

Nyumbani ndiko mafunzo hayo hukutana na vitu ambavyo vitabu vya Ulaya havivijui. Daktari anapopita upande wa nyuma wa nyonga, ambayo ni njia inayotumika sana, mgonjwa hukatazwa kwa wiki 6 hadi 12 kuukunja mguu kupita pembe mraba, kuukutanisha na mwenzake kwa kuupitisha juu yake, na kuupindisha kwa ndani, kwa maana misuli na tando za kiungo zilizokatwa bado hazijashikana. Kukaa kwenye kigoda huvunja sharti la kwanza, choo cha kuchuchumaa hulivunja zaidi, na vivyo hivyo kula mkekani, kufagia uwanja kwa ufagio wa chelewa, kufua kwenye beseni lililo chini na kushika jembe. Kitanda kifupi kinaweza kuinuliwa kwa matofali chini ya matendegu. Juu ya tundu la choo familia nyingi huweka kiti cha plastiki kilichokatwa katikati, na hilo ni wazo jema ila kwa kasoro moja, kwamba miguu ya kiti hicho huteleza kwenye sakafu iliyolowa. Kiti cha mbao kilichotengenezwa na seremala, kipana chini na chenye mahali pa kushika, ni salama zaidi na hakizidi sana gharama. Mwislamu huswali akiwa ameketi kitini na kurukuu na kusujudu kwa kuinamisha kichwa tu, kama sheria ya dini inavyomruhusu mgonjwa. Kuhusu tendo la ndoa, ambalo wauguzi wengi huona haya kulitaja na wagonjwa huona haya kuliuliza, ushauri wa kawaida ni kusubiri wiki 6 hivi na kuchagua mkao usioikunja nyonga sana, na ukimya juu ya suala hili umewagharimu watu ambao hawakuambiwa lolote.

Tatizo la kwanza kati ya yale makubwa ni kiungo kuteguka, yaani tufe kuchomoka bakulini. Huwapata wagonjwa 1 hadi 3 kwa kila 100, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo, na dalili zake hazijifichi: maumivu makali ya ghafla, mguu unaoonekana mfupi na uliopinda, na kushindwa kabisa kusimama. Hatari iliyopo ni kwamba katika jamii yenye wakandaji hodari wa viungo, mtu wa karibu huitwa auvute mguu na kuurudisha. Mkono uliozoea bega au kiwiko haujui kwamba humo ndani pana chuma, na mvuto usio na picha ya eksirei wala dawa ya kulegeza misuli unaweza kulivunja fupa la paja kando ya shina. Hospitalini kazi hiyo hufanywa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, na kiungo kikiteguka tena na tena hubadilishwa.

Damu kuganda ni jambo la kuogopwa zaidi, kwa sababu halitoi onyo la kelele. Upasuaji wa nyonga huichokoza damu igande, na mguu uliolala huiacha ituame, hata katika tafiti za zamani, kabla kinga haijawa desturi, picha za mishipa zilionyesha madonge ya damu kwa wagonjwa 40 hadi 60 kwa kila 100, ingawa mengi hayakuwa na dalili. Donge likikatika kutoka kwenye mshipa wa paja husafiri hadi moyoni na kukwama katika mishipa ya mapafu, na mtu aliyekuwa akiendelea vizuri hukata roho katika dakika chache. Kwa ajili hiyo mgonjwa hupewa dawa za kuzuia damu kuganda, za sindano au za vidonge, ambazo baada ya upasuaji huu huweza kuendelezwa hadi siku 35. Wengi huziacha pindi maumivu yanapotulia, kwa kudhani kwamba zilikuwa dawa za maumivu. Wengine huzichanganya na diklofenaki ya duka la dawa, mchanganyiko unaoweza kuvujisha damu tumboni.

Uvimbe kidogo wa mguu uliopasuliwa ni wa kawaida na hushuka mtu akiinua mguu. Uvimbe usioshuka usiku kucha, wenye joto na maumivu ndani ya shavu la mguu, ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Jambo ambalo watunzaji hulifanya kwa mapenzi, la kuukanda mguu huo kwa maji ya moto na mafuta ya nazi, ndilo lisilofaa, kwani mkono unaominya unaweza kulitikisa donge lililokuwa limetulia. Pumzi kukatika ghafla, kifua kuchoma mtu anapovuta hewa, kukohoa damu au kuzirai hakuna tafsiri ya nyumbani. Kwa mgonjwa wa seli mundu dalili kama hizo zaweza pia kuwa za shambulio la kifua linaloletwa na ugonjwa wake, lakini hata hilo hutibiwa wodini.

Maambukizi ndiyo tatizo linalostahili maelezo marefu, kwa kuwa ndilo linalogeuza ugonjwa wa miezi kuwa wa miaka. Huwapata wagonjwa 1 hadi 2 kwa kila 100 katika upasuaji wa mara ya kwanza, na zaidi ya hapo wenye kisukari kisichodhibitiwa, wavutaji wa sigara na wenye seli mundu. Chuma na plastiki havina mishipa ya damu, na sifa hiyo inayovifanya visiumwe ndiyo inayoviacha bila ulinzi, maana askari wa mwili husafiri kwa damu. Bakteria wanaokaa juu ya ngozi bila madhara, wakishatua juu ya chuma, hujijengea utando unaonata na kujificha chini yake, na antibiotiki zinazowaua kirahisi kwingineko mwilini huwafikia kwa shida sana humo.

Katika wiki za mwanzo maambukizi huonekana kwa kidonda kinachoendelea kutoa majimaji baada ya siku kadhaa, wekundu unaotanuka, harufu, homa, au maumivu yaliyokuwa yakipungua yakaanza kuongezeka. Baadaye, hata baada ya miaka, huenda dalili pekee ikawa maumivu ya kinena au ya paja yasiyoisha, au kijitundu cha ngozi kinachotoa usaha, kikafunga, kisha kikafunguka tena. Panapokuwa na homa, familia hununua dawa mseto ya malaria, na hilo peke yake halina lawama ikiwa kipimo cha malaria kimefanywa na kidonda kimefunuliwa kikaangaliwa. Kosa kubwa ni hatua inayofuata, ya kununua antibiotiki dukani na kuzimeza kwa siku tano. Dawa hizo hupunguza homa, hukausha usaha wa juu, humpa mgonjwa matumaini, na kumbe zimewaacha bakteria hai chini ya utando wao huku zikimnyima daktari njia ya kuwatambua. Ili kujua ni bakteria gani na ni dawa gani itakayowaua, majimaji huvutwa kwa sindano kutoka ndani ya kiungo na kuoteshwa maabara, na mgonjwa aliyekwisha meza antibiotiki mara nyingi majimaji yake hayaoti kitu, hata hulazimika kukaa bila dawa kwa wiki 2 hivi ndipo kipimo kirudiwe. Wiki hizo mbili, zikijumlishwa na zile zilizopotea kwa kubahatisha, ndizo zinazoamua kama kiungo kitaokolewa.

Maambukizi yakigunduliwa mapema, yaani ndani ya wiki chache tangu upasuaji au tangu dalili kuanza, daktari hufungua kidonda, husafisha, hubadilisha tufe na bitana, na kukiacha chuma kilichokwisha shikana na mfupa, kisha antibiotiki hufuata kwa miezi. Utando ukishakomaa, njia hiyo hushindwa na kiungo chote hutolewa. Baadhi ya hospitali huweka kingine papo hapo. Nyingi hufuata awamu mbili, ambapo katika awamu ya kwanza kiungo huondolewa na mahali pake huwekwa kiungo cha muda cha simenti iliyochanganywa na antibiotiki, na baada ya miezi miwili, mitatu au zaidi, vipimo vikionyesha kwamba maambukizi yamekwisha, ndipo kiungo kipya huwekwa. Kwa wale ambao mwili au mfuko wao hauwezi safari hiyo, ipo njia ya kukiondoa kiungo na kutokirudisha, inayoitwa kwa jina la daktari Girdlestone wa Oxford: mguu hubaki mfupi kwa sentimita kadhaa na mtu hutembea kwa gongo, ila usaha hukauka na maumivu hupungua. Madaktari huitaja njia hii kwa kusitasita, kana kwamba ni kushindwa, ingawa kwa mzee aliyechoshwa na meza ya upasuaji yaweza kuwa uamuzi wa busara kuliko wote.

Yapo matatizo mengine ya kutajwa kwa ufupi. Neva kubwa inayopita nyuma ya nyonga inaweza kuvutwa wakati wa upasuaji, na mgonjwa akajikuta hawezi kuinua kidole gumba cha mguu wala kuukunja unyayo kwenda juu. Wengi hupata nafuu kwa miezi, wakivaa kishikizo cha kuuzuia unyayo usiburuzike, na wengine hubaki na kilema. Miguu inaweza kutofautiana urefu, na tofauti ndogo hutibika kwa soli iliyoongezwa na fundi viatu.

Mgonjwa aliyepatwa na tatizo kubwa hubeba pia mzigo usioonekana kwenye eksirei. Michango ya ukoo iliyotolewa kwa moyo mkunjufu mara ya kwanza hutolewa kwa manung'uniko mara ya pili, mwenye biashara huona mtaji ukiliwa na nauli za kliniki, na majirani huanza kusema kwamba kuna mkono wa mtu. Kipindi cha katikati ya awamu mbili, ambapo mtu ana kiungo cha muda na anangoja tarehe, ndicho kigumu zaidi, na kukosa usingizi, kukataa chakula au kusema kwamba heri kufa ni dalili za sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, ambayo ina tiba yake na hustahili kuelezwa daktari sawa na homa. Husaidia sana familia ikimteua mtu mmoja wa kuandamana na mgonjwa kliniki kila mara, mwenye daftari la joto la mwili, la dawa na la maswali, kwa kuwa mgonjwa mwenye maumivu husahau nusu ya aliyoambiwa na ndugu wanaobadilishana zamu hupokezana habari zilizopotoka.

Hata nyonga iliyopona vizuri ina umri wake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet ulikadiria kwamba nyonga bandia 58 hivi kwa kila 100 hudumu miaka 25, maana yake kijana aliyebadilishiwa nyonga kwa sababu ya seli mundu yumkini atarudi chumba cha upasuaji angalau mara moja maishani mwake, kwa kulegea kwa shina, kulika kwa bitana au kuvunjika kwa mfupa baada ya kuanguka. Viungo hivi hutengenezwa na kampuni nyingi kwa vipimo visivyoingiliana, na daktari anayetaka kubadilisha tufe tu, akikosa kujua aina ya shina lililomo, huenda akalazimika kung'oa shina zima lililoshikana na mfupa. Kila kiungo huja na lebo zenye jina la mtengenezaji, ukubwa na namba ya toleo, ambazo hubandikwa katika faili la hospitali siku ya upasuaji; mgonjwa anaweza kuomba nakala yake kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, akaihifadhi pamoja na picha ya eksirei ya mwisho na kuipiga picha kwenye simu za watu wawili wa nyumbani, kwa kuwa karatasi za hospitali hupotea na daktari wa miaka 15 ijayo huenda akawa mwingine, katika mji mwingine.